Tembo la kushushia mlo: Namna ya kulionja na kulipima katika bonde la Tana

MSAFIRI anayetoka Malindi kuelekea Lamu hupitia Garsen, na kutoka hapo si mbali kufika Wema, kijiji cha Wapokomo kilicho kando ya Mto Tana. Hii ni nchi ya mpunga, ndizi na maembe, na mtoni hutoka kambare na kamongo. Anayeketi mezani huku akitaka kitu cha kushushia chakula hana haja ya kutafuta chupa ya divai ya Afrika Kusini, ambayo bei yake hutosha kununua kitoweo cha siku kadhaa. Divai ya mtu wa kawaida sehemu hizi, na Pwani nzima kwa jumla, ni tembo.

Hata hivyo, si kila tembo ni tembo. Lipo la kunywa na kusifu, lipo la kumwaga, na lipo la kukimbia. Kuweza kutofautisha ni elimu ambayo wazee waliipata kwa mazoea na ambayo vijana wengi wanaonunua kinywaji hicho kwenye mitungi ya plastiki barabarani hawajapewa.

Inafaa kusema mapema kwamba Waorma na Wapokomo wengi wa bonde hili ni Waislamu na hawatumii kinywaji hiki. Makala haya yanawahusu wanaokinywa, tena waliotimiza umri wa miaka 18 kama sheria inavyotaka.

Linakotoka

Tembo ni utomvu wa mti wa jamii ya minazi. Kwa mnazi wenyewe, mgema hufunga karara lingali bichi, kabla halijapasuka, hulikata ncha kwa kotama na kutundika kibuyu chini yake. Kila anapopanda, asubuhi na jioni, huondoa kipande chembamba ili jeraha lisizibe. Mnazi mmoja wenye afya hutoa lita moja au mbili kwa siku. Karara lililogemwa halizai nazi, lakini mti hubaki hai na unaweza kuachwa upumzike na kuzaa tena.

Minazi mingi ya Kenya imo katika kaunti za Kilifi na Kwale. Katika Kaunti ya Tana River hupatikana zaidi upande wa Kipini, karibu na bahari. Ndani zaidi, watu hugema miti ya mwituni: mkoma, mvumo na mkindu. Hapo ndipo tofauti kubwa inapoingia, kwa sababu miti hiyo haigemwi kwenye karara bali kwenye kilele. Mvumo una shina moja na moyo mmoja. Ukikatwa moyo huo, mti umekufa. Mkoma una matawi na mkindu huota kwa vichaka, kwa hiyo kukatwa shina moja si lazima kumalize mti wote, ingawa shina lililogemwa hadi mwisho halirudi.

Utomvu unapodondoka ni mtamu kama maji ya muwa, una sukari ya kiasi cha asilimia 12 hadi 15, na hauna kileo chochote. Lakini hamira za asili zilizomo hewani, kwenye ganda la mti na hasa katika mashapo ya kibuyu cha jana huanza kazi papo hapo. Kwa joto la Garsen, saa mbili zinatosha kuleta povu na mchomo mdogo ulimini. Kufikia siku moja kileo huwa kiasi cha asilimia nne hadi sita, sawa na bia. Baada ya hapo vijidudu vya siki hushika hatamu, na aliyenunua tembo huwa amebakiwa na kitu kingine kabisa.

Ndiyo maana swali la kwanza la mwonjaji si limetoka shamba gani. Swali la kwanza ni: limeteremshwa saa ngapi?

Kuonja kwa utaratibu

Waonjaji wa divai ya zabibu huanza kwa macho, wakaja pua, kisha ulimi. Utaratibu huo unafaa hata kwa tembo, ila glasi iwe safi na ya kuonyesha kilichomo ndani. Kikombe cha bati huficha mengi.

Tembo zuri lina weupe wa maji yaliyooshea mchele, na vipovu vidogo vinavyopanda vyenyewe bila glasi kutikiswa. Likiwa jeupe pepe kama maji na limetulia tuli, limeongezwa maji. Likiwa na rangi ya manjano iliyokolea au utando juu, limelala sana. Nyuki au sisimizi mmoja aliyezama si dosari kubwa. Wagema wenye heshima hulichuja, na Wamijikenda wa jirani hunywa kwa mrija wenye kichujio nchani kwa sababu hiyo hiyo.

Harufu iwe ya matunda, kama ndizi mbivu au mkate unaoumuka. Ikipiga siki puani kabla glasi haijafika mdomoni, liende jikoni. Ikinuka hamira ya dukani, muuzaji ameongeza maji na sukari kisha akalichachusha upya. Tembo la namna hiyo hujulikana pia ulimini: utamu huja mbele kwa kishindo, halafu nyuma yake hakuna kitu. Waswahili walisema zamani kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ingawa methali hiyo hutumiwa kwa mambo mengine siku hizi, kwenye kibuyu bado ina maana yake ya kwanza.

Kwa alama, mwandishi wa makala haya hutumia kumi: tatu za usafi, tatu za mizani kati ya utamu na uchachu, mbili za harufu, na mbili za jinsi linavyopatana na chakula.

Na chakula gani?

Tembo la mnazi lililoteremshwa asubuhi na kunywewa kabla ya adhuhuri linastahili nane. Utamu wake bado upo na uchachu ndio kwanza unaingia. Mwenzake ni mchuzi wenye pilipili, hasa kambare wa kupaka nazi kwa ugali, kwa sababu utamu huo huzima moto wa pilipili bila kuua ladha ya samaki. Katika jimbo la Kerala, India, ambako tembo la mnazi huuzwa pamoja na chakula, wenyeji wamefikia uamuzi uo huo: samaki wa pilipili kali kwa muhogo. Kwa wali wa nazi mtupu, hata hivyo, tembo changa halifai. Nazi juu ya utamu huchosha kinywa kabla sahani haijafika nusu.

Lile la jioni, lililokaa saa nane hadi kumi na mbili, nalipa saba na nusu. Wapo watakaolipa tisa. Ni kavu, lina mchomo, na hukata mafuta. Samaki wa kukaanga, kachumbari na wali mweupe havihitaji kingine. Linakwenda vyema pia na mahindi na maharage, chakula ambacho hakuna mtaalamu wa divai wa Ulaya aliyekifikiria.

Tembo la mkoma lina harufu nzito zaidi, na ulimini huacha kitu kama moshi na ganda la mti. Na ndizi za kupika, au nyama ya mbuzi ya kuchoma, ni kinywaji cha kukumbukwa. Kwa ladha peke yake ningelipa saba. La mvumo ni laini kuliko la mkoma, lakini nasita kulipa alama yoyote, kwani kila mtungi wake ni mti mmoja uliopungua. Mvumo huchukua miaka mingi kabla ya kufikia kimo cha kugemwa, na humalizwa kwa majuma machache.

Mkindu nao una mteja mwingine. Katika misitu ya kando ya mto, juu ya Garsen, kuna hifadhi iliyotengwa mwaka 1976 kwa ajili ya nyani wawili adimu, mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Matunda ya mkindu ni sehemu muhimu ya chakula cha mangabei. Ugemaji wa mikindu umetajwa na watafiti miongoni mwa mambo yanayoidhoofisha misitu hiyo, pamoja na ukataji miti wa kufungua mashamba. Mnywaji ana njia rahisi ya kusaidia: aulize tembo ni la mti gani, na achague la mnazi.

Anayetaka zabibu kwa bei ya kadiri anaweza kutazama Tanzania kabla ya kutazama ng'ambo. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na divai yake nyekundu iliyo kavu hupatana na nyama kuliko samaki. Iringa wana ulanzi wa mianzi, mtamu sana wakati wa mvua, lakini hausafiri.

Hatari ambayo ulimi hauioni

Yote yaliyotangulia yanahusu tembo safi. Lipo jambo ambalo macho, pua na ulimi haviwezi kulipima, nalo ni methanoli. Tembo lililochachuka lenyewe halina methanoli ya kudhuru. Sumu hiyo huingia pale muuzaji anapoongeza pombe ya viwandani ili kinywaji kipige haraka, au mtu anapokunywa pombe kali ya magendo akidhani ni ya kawaida. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya aina hiyo. Mei 2014 wengine zaidi ya 60 walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga, ambako watu 17 walifariki.

Methanoli haina ladha ya kuitofautisha na kileo cha kawaida. Dalili zake huweza kuchelewa hadi siku nzima: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kusokota, na macho kuona ukungu. Mtu anayeanza kuona ukungu baada ya kunywa asiachwe alale. Apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu tiba ipo na kila saa ina uzito. Kwa wakazi wa Wema na vijiji vya jirani, hospitali ya Ngao ndiyo iliyo karibu.

Kinga ya kweli ni kumjua mgema. Tembo linalolewesha kwa glasi moja si tembo bora bali ni tembo lililotiwa kitu. Pia muuzaji awe na leseni. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, ilifuta ile iliyopiga marufuku chang'aa, na chini ya katiba ya mwaka huo huo utoaji wa leseni za vileo ukawa kazi ya kaunti. Mgema mwenye leseni ana jina la kulinda. Anayeuza vichakani hana.

Lililobaki

Tembo halihifadhiki. Likifungwa kwenye chupa iliyobanwa, gesi yake huweza kuipasua, kwa hiyo kizibo kilegezwe. Lililo changa hutumika jikoni badala ya hamira: vitumbua na mikate ya kumimina viliumuliwa hivyo Pwani kabla hamira ya pakiti haijaenea, na appam za Kerala huumuliwa vivyo hivyo hadi leo. Kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya unga wa mchele, usiku kucha, ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Lililopita siku tatu lichujwe kwa kitambaa, litiwe kwenye mtungi wa udongo na kufunikwa kwa kitambaa kingine ili hewa iingie bila nzi. Baada ya majuma machache litakuwa siki ya kutosha kachumbari ya nyumba nzima, na maembe yanapoanza kudondoka mwezi wa Desemba, embe bichi iliyokatwa vipande, pilipili na chumvi hutulia ndani yake vizuri kuliko katika siki ya dukani.