Mageuzi ya Kanisa na wongofu wa moyo katika fikra za Yves Congar

KATIKA teolojia ya Kikatoliki, suala la kulirekebisha Kanisa halitenganishwi na lile la mtu binafsi kuongoka. Miongoni mwa waliolifafanua kwa kina katika karne ya 20 ni padre Mfaransa wa shirika la Wadominiko, Yves Congar (1904-1995), kupitia kitabu chake kuhusu mageuzi ya kweli na ya uongo, kilichochapishwa mwaka wa 1950.

Congar alitofautisha Kanisa kama kipawa cha Mungu, yaani imani, sakramenti na mamlaka ya kitume, na Kanisa kama jamii ya watu. Upande wa kwanza, alishikilia, hauhitaji marekebisho. Wa pili huyahitaji daima. Wala hakutosheka na toba ya mtu mmoja mmoja. Zipo kasoro zilizokita mizizi katika desturi na taratibu, ambazo hata waumini wema hawawezi kuziondoa iwapo taratibu zenyewe hazitaguswa. Hoja hii ilikuwa nzito, kwani ni rahisi kuhubiri toba kuliko kuvunja mazoea.

Aliweka masharti manne: kutanguliza upendo na uchungaji, kudumu katika ushirika na Kanisa zima, kuwa na subira, na kurejea chemchemi za mapokeo badala ya kupachika mambo mageni.

Sharti la subira lilimrudia mwenyewe. Mwaka wa 1952 Roma ilizuia kitabu hicho kuchapishwa upya na kutafsiriwa. Mnamo 1954 aliondolewa katika kazi ya kufundisha, akapelekwa Jerusalem na baadaye Cambridge. Hakuasi, ingawa shajara zake, zilizotolewa baada ya kifo chake, zimejaa uchungu.

Mwaka wa 1960 Papa Yohane XXIII alimteua kuwa mshauri wa tume ya kuandaa Mtaguso wa Pili wa Vatikani (1962-1965). Hati ya mtaguso huo kuhusu umoja wa Wakristo, ya Novemba 21, 1964, inakiri katika kifungu cha 6 kwamba Kanisa huhitaji kurekebishwa daima; kifungu cha 7 kinasema hapana ekumenia ya kweli pasipo wongofu wa ndani.

Papa Yohane Paulo II alimfanya Kadinali mwaka wa 1994, miezi michache kabla ya kufariki. Papa Fransisko naye alimtaja alipokuwa akizindua safari ya Sinodi mnamo Oktoba 2021.