Safu ya Lugha: Majusi

Kila Krismasi mamajusi hugeuzwa wafalme watatu. Mathayo, katika Injili yake, hakuwahesabu, wala hakuwavika taji. Neno majusi tumelipata kwa Waarabu, nao walilitoa Uajemi, ambako magu alikuwa kuhani. Majusi hasa ni mfuasi wa Zarathustra, nabii wa kale aliyehubiri Mungu mwema, Ahura Mazda, na vita kati ya kweli na uongo. Kumwita mwabudu moto ni kumsingizia: husali mbele ya moto kwa kuwa ni alama ya nuru na usafi, basi.

Tena, Majusi si kila Mwajemi. Waajemi wengi leo ni Waislamu. Wala si Baniani, huyo ni Mhindu. Majusi waliohamia Gujarat, India, ndio Waparsi, na mwimbaji Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar 1946, alitoka kwao.