Saa ya Ujerumani Haifiki Nairobi

Wasee, kuna saa ya redio nilinunua mtumba nikidhani nimeangukia bahati. Nyuma iliandikwa DCF77, na muuzaji aliapa haipotezi hata sekunde. Nikaiweka dirishani wiki nzima. Ilianza kuhesabu kutoka saa sita usiku nilipotia betri, na haikujirekebisha hata siku moja.

Saa haikuwa na makosa. DCF77 ni redio iliyoko Mainflingen, karibu na Frankfurt, inayorusha wakati kwa kilohezi 77.5. Mawimbi yake hufika kama kilomita 2,000 hivi. Sisi tuko zaidi ya 6,000. (Na hata ingeshika, ingenipa saa ya kwao.) Uingereza wana MSF, Marekani wana WWVB. Kila mtu alijijengea yake, sisi hatukuwa kwa hesabu.

David Mills, Mmarekani, alitengeneza NTP, ile njia ambayo kompyuta huulizana saa, na ikachapishwa mwaka 1985. Lakini lazima kuwe na seva moja inayojua saa bila kuuliza jirani, na siku hizo nyingi zilichomekwa kipokezi cha redio. Kuchagua vibaya kulikuwa na gharama. Mwaka 2012 Marekani walibadilisha ishara ya WWVB. Saa za kawaida za ukutani hazikusumbuka, ila vipokezi vya maabara vilivyofuata awamu ya wimbi, vya bei kali, vikawa vyuma tu. Iliniuma na si hata pesa yangu.

GPS ndiyo ilitufungulia mlango. Setilaiti zake zimebeba saa za atomiki na zinapita juu ya Githurai vile zinapita juu ya Berlin. Kipokezi cha bei ya chini kinatosha, bora kiwe na waya wa PPS, unaotoa mpigo mmoja kila sekunde. Ukitegemea ujumbe wa USB pekee, unachelewa milisekunde nyingi, na ucheleweshaji wenyewe hautulii.

Uliza pia umri wake. GPS ilihesabu wiki 1,024, kama miaka 19.6, kisha ikarudi sifuri. Ilirudi tarehe 6 Aprili 2019, na vipokezi vingine vizee vikadhani ni 1999. Hebu fikiria duka la mtandaoni likitoa risiti za 1999.

Mimi nimechukua ya GPS yenye PPS, antena iko juu ya mabati. Ile ya Ujerumani mdogo wangu anaitumia kama saa ya kengele, anairekebisha kwa mkono.