Kichwa Kisiguse Mto

Usiku wa kwanza baada ya kurudi kutoka Istanbul, kaka yangu alilala akiwa ameketi. Tulisukuma kochi hadi ukutani, tukampangia mito mitatu mgongoni, tukamvalisha shingoni kile kimto cha safari alichorudi nacho, halafu mimi na wifi tukagawana zamu za kumwangalia asiteleze. Karatasi aliyopewa kliniki ilisema sehemu iliyopandikizwa isiguse mto kwa siku kumi. Ilisema pia asiiname, asinyanyue kitu kizito, asikae juani, asivute sigara, asijikune. Kila alipokuwa macho tulimpulizia maji ya chumvi kichwani kwa kichupa kama kile cha kinyozi. Ilikuwa Sinza, mwezi wa Februari, na joto la Dar la Februari unalijua.

Siku ya nne tangu upasuaji aliamka hawezi kufungua macho. Paji la uso lilikuwa limejaa, kope zimefura kama mtu aliyeumwa na nyuki. Wifi alitaka twende hospitali. Mimi nikapiga picha, nikaituma kliniki kwa WhatsApp. Jibu lilirudi baada ya saa tatu: neno moja, "kawaida", na kidole gumba.

Ilikuwa kawaida kweli. Ili kuitia ganzi ngozi ya kichwa na kupunguza damu, daktari huingiza chini yake dawa na maji mengi. Baadaye maji hayo hushuka yenyewe, kutoka utosini hadi kwenye paji, kutoka kwenye paji hadi kwenye kope, ndiyo maana mgonjwa huambiwa alale ameinua kichwa. Baada ya siku mbili tatu uvimbe ulikwisha. Lakini zile saa tatu za kusubiri kidole gumba niliingia kwenye mtandao kusoma, na nilichotafuta hakikuwa dawa. Nilitaka kujua ni lini watu walianza kufanyiwa upasuaji wa namna hii kisha kuambiwa: nenda nyumbani, ukajiuguze.

Historia ya kupandikiza nywele huandikwa kama historia ya mikono ya madaktari. Nani alikata vipi, kwa kisu gani, mwaka gani. Kuhusu mgonjwa aliyekaa na kidonda baada ya hapo, utapata sentensi moja moja, tena lazima uzichokoe.

Kwa Johann Friedrich Dieffenbach, angalau, daktari na mgonjwa ni mtu mmoja. Mwaka 1822 aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, kuhusu kuhamisha nywele, manyoya na ngozi kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine. Alijaribu kwenye mkono wake mwenyewe. Alitoboa ngozi, akachomeka nywele, akasubiri. Baadhi zilishika, nyingine zilikufa. Nampenda kwa hilo: aliyeandika matokeo ndiye aliyekuwa akiamka asubuhi kutazama kama pamevimba.

Aliyeifanya kazi hii kwa wagonjwa wengi, na akaiandika kwa utaratibu, ni Shoji Okuda, daktari wa ngozi wa Kijapani aliyezaliwa mwaka 1886. Mwaka 1939 alichapisha maelezo ya jinsi alivyotumia chuma chenye ncha ya duara, mithili ya kitoboleo cha fundi viatu, kung'oa vijipande vya ngozi vyenye mizizi ya nywele na kuvipachika kwenye matundu aliyoyatoboa mahali pengine. Wagonjwa wake hawakuwa wanaume waliochoka kuitwa kipara. Wengi walikuwa watu wenye makovu, mahali ambapo moto au ugonjwa ulipita na nywele hazikurudi: kichwani, kwenye nyusi, juu ya mdomo. Mwaka 1943 Mjapani mwenzake, Hajime Tamura, aliandika juu ya kupandikiza vijipande vidogo zaidi, unywele mmoja mmoja. Ilikuwa vita. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, na kwa miaka mingi huko Ulaya na Marekani hakuna aliyeyasoma. Teknolojia ambayo leo inauzwa kama jambo jipya kabisa inafanana zaidi na ile ya Tamura kuliko na yote yaliyofuata kwa miaka arobaini.

Yaliyofuata yalianzia New York. Norman Orentreich, daktari wa ngozi, alianza mwaka 1952 bila kujua habari za Okuda, na shabaha yake mwanzoni ilikuwa swali: upara uko kwenye ngozi ya mbele ya kichwa, au uko ndani ya mzizi wenyewe? Alichukua vijipande kutoka kisogoni akavipeleka mbele, akachukua vya mbele vyenye upara akavipeleka kisogoni. Vya kisogoni viliendelea kuota nywele huko mbele. Vya upara vilibaki na upara wao hata vilipozungukwa na nywele. Kumbe mzizi haubadiliki kwa kuhamishwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1959, na biashara yote unayoiona leo imesimama juu yake.

Lakini tazama upande wa mgonjwa. Kila kijipande kilikuwa na upana wa milimita 4 hivi. Kipandikizi kikishakatwa hakina mshipa wa damu. Siku za mwanzo huishi kwa kufyonza majimaji ya jeraha, mpaka mishipa midogo ya pale kilipohamia iungane nacho. Kikiwa kipana, pembeni hupata chakula na katikati hufa njaa, na kinachoota ni mduara wa nywele wenye tundu katikati. Hata kilichoshika vizuri kilitoa nywele kwa kishungi, kama kichwa cha mwanasesere. Kazi haikumalizika kwa siku moja. Vijipande viliachiwa nafasi ili damu ifike, kisha baada ya miezi mgonjwa alirudi kujaziwa nafasi hizo, akarudi tena, mara tatu, mara nne. Aliyeishiwa pesa au subira katikati ya safari alibaki na visiwa kichwani. Huko kisogoni matundu yaliachwa wazi yajifunge yenyewe, na yalijifunga kwa makovu meupe ya mviringo. Kwa jambo moja tu mgonjwa wa zama zile alikuwa na afadhali: aliondoka akiwa amefungwa kilemba cha bandeji, na aliyekuja kuifungua alikuwa daktari yuleyule.

Mgonjwa mmoja wa zama hizo anajulikana kwa jina kwa sababu alikataa kujificha. William Proxmire, seneta wa Wisconsin, alipandikizwa nywele mwaka 1972 na kuonekana hadharani Washington akiwa na bandeji kichwani na jicho limevilia damu. Waandishi walipouliza, alisema alichofanya. Ni yuleyule ambaye tangu mwaka 1975 alikuwa akitoa kila mwezi tuzo ya dhihaka kwa taasisi iliyofuja pesa za umma kuliko nyingine, kwa hiyo unaweza kudhani alikuwa mtu asiyeogopa kutazamwa. Hata hivyo nadhani hakuwa na njia nyingine. Kidonda cha milimita 4, mara makumi kadhaa, hakifichiki.

Kaka yangu alimwambia mama anakwenda semina.

Na angeweza kufaulu. Tangu miaka ya 1980 madaktari walianza kugawanya vijipande hivyo vikawa vidogo na vidogo zaidi. Mwaka 1988 Bobby Limmer, huko San Antonio, Texas, alianza kutumia hadubini. Alikata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, akaushona, kisha wasaidizi wakauchambua ukanda ule mpaka wakapata vifungu vya asili vya nywele, kwa maana nywele za kichwani huota kwa makundi ya moja, mbili, tatu au nne. Kuchambua kunachukua saa nyingi, na swali likawa vipandikizi vinaweza kukaa nje ya mwili muda gani. Limmer alipima. Baada ya saa 2, asilimia 95 viliishi. Baada ya saa 24, asilimia 79. Baada ya saa 48, asilimia 54. Miaka ya baadaye ukanda nao ukaachwa na wengi. Mwaka 2002 madaktari William Rassman na Robert Bernstein, na wenzao, walieleza katika jarida la kitabibu njia ya kuchomoa kifungu kimoja kimoja moja kwa moja kutoka kichwani kwa kitoboleo cha milimita 1 au pungufu. Hakuna mshono, hakuna nyuzi za kutoa. Mtu anapanda ndege na kitambaa cheusi kwenye paji. Pita uwanja wa ndege wa Istanbul siku yoyote utawaona, wametulia kwenye viti, shingo zimenyooka.

Kidonda kidogo ndicho kilichowezesha safari. Na safari ndiyo iliyomwondoa daktari. Alipokuwa karibu, mambo ya kuuguza yalikuwa mikononi mwake. Alipobaki ng'ambo, yakaja kwetu, mimi na wifi na kichupa.

Hata zile siku kumi nilizipata zilikotoka. Mwaka 2006 Bernstein na Rassman walichapisha uchunguzi wa kitu rahisi mno: walivuta nywele zilizopandikizwa, siku baada ya siku, waone zinang'oka lini. Siku mbili za kwanza, ukivuta, kipandikizi kinatoka. Kufikia siku ya sita unywele ulikuwa hautoki na mzizi wake tena. Ukivuta kigaga kilichoganda juu yake, hatari iliendelea mpaka siku ya tisa hivi. Ndiyo maana ya kupuliza maji na kuosha kwa upole: vigaga vilainike, vidondoke vyenyewe, vidole visiwe na kazi. Niliposoma hivyo nililala usingizi wangu wa kwanza wa maana. Sheria uliyoambiwa sababu yake inabebeka. Karatasi ile haikueleza sababu hata moja.

Siku ya kumi nilimwosha kwa ncha za vidole, maji ya uvuguvugu yakimwagika kutoka kwenye kopo. Vigaga vikatoka. Chini yake palikuwa na vinywele vifupi vimesimama kwa mistari, na kaka akajitazama kwenye kioo mpaka wifi akagonga mlango.

Wiki ya tatu vikaanza kudondoka. Kwenye taulo, kwenye kola, kwenye beseni. Hili halijabadilika tangu zama za vijipande vya milimita 4: mzizi ulioshtuliwa huangusha unywele wake na kuingia likizo, kisha miezi mitatu au minne baadaye huanza kuotesha mwingine. Matokeo kamili hudai mwaka, au karibu yake. Kaka alikuwa ameambiwa. Kuambiwa hakukumsaidia. Aliacha kwenda kazini siku mbili.

Ndipo mama alipoingia kutoka Mbarali na kiroba cha mchele, bila taarifa, kama kawaida yake. Alimkuta sebuleni bila kofia. Sisi sote tukanyamaza. Alimzunguka, akamwinamisha kichwa, akatazama kisogo chenye vidoa vyekundu, akatazama mbele.

"Semina ya nini hii, mwanangu?"

Tulimweleza. Akauliza wamezitoa wapi, wamezipeleka wapi, na kwa nini sasa zinaanguka. Nikatumia neno la hospitali, kupandikiza, na hapo akaelewa haraka kuliko sisi sote, maana hilo ni neno lake la kila msimu. Miche ikitoka kitaluni ikaingia jaruba, alisema, wiki ya kwanza inalala na kugeuka manjano, na mgeni huona shamba limekufa. Kisha akauliza swali ambalo kliniki haikuuliza: "Wewe hukumbuka sikio la shangazi yako?"

Shangazi ana keloidi nyuma ya sikio, ukubwa wa korosho, iliyoanzia kwenye kutoboa. Ni kovu lisilojua pa kukoma, linaloendelea kukua na kuvuka mipaka ya jeraha. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hufuata ukoo, na mara nyingi huanza wiki au miezi baada ya kidonda kufunga, yaani muda mrefu baada ya siku kumi. Karatasi ya kaka ilikuwa na picha za mwanaume mwenye nywele za singa. Kuhusu nywele za kipilipili, ambazo mzizi wake hujipinda chini ya ngozi na hukatwa kirahisi na kitoboleo kilichonyooka, haikuwa na neno. Kuhusu keloidi, haikuwa na neno. Daktari makini angeuliza habari za ukoo, na pengine angejaribu kwanza vipandikizi vichache mahali padogo, asubiri miezi kadhaa. Kaka alikutana na daktari wake asubuhi ya upasuaji.

Mama alikaa wiki mbili. Kabla ya kuondoka alimchukua kaka kwa daktari wa ngozi hapa mjini, akaketi ndani wakati wa maongezi yote, akataka aonyeshwe kovu linaloanza kuharibika linafananaje: linawasha, linang'aa, linainuka.

Sasa ni mwezi wa tano. Mbele nywele zimeanza kutoka, laini na chache, za kumfanya avue kofia akiwa nyumbani tu. Kila Jumapili baada ya chakula ananiinamishia kisogo. Nawasha tochi ya simu na kupitisha kidole taratibu, doa baada ya doa, halafu nampigia mama.