Lafudhi ya Mcheki na kijistari kilichovuka mpaka

Wanafunzi wangu wa fonolojia hupenda kuniuliza: eti kwa nini msomi mzima ajifunze lugha ya kigeni miaka nenda miaka rudi, na bado lafudhi ya kwao isimtoke? Jibu ninalolipenda lilitoka Prague, mji mkuu wa Wacheki.

Mwaka 1926 Vilém Mathesius aliwakusanya wanaisimu mjini humo, ikazaliwa Duru ya Isimu ya Prague. Mmoja wao, Mrusi Nikolai Trubetzkoy, alifariki mwaka 1938. Kitabu chake kuhusu misingi ya fonolojia kilitoka mwaka uliofuata. Humo anaufananisha mfumo wa sauti za lugha ya kwanza na chujio: kila tunachosikia katika lugha ngeni hupitia humo kwanza.

Hebu tuwatazame Wacheki wenyewe. Katika Kicheki, shadda hukaa kwenye silabi ya kwanza. Kijistari cha mshazari juu ya irabu, kama katika á, huonyesha urefu wa irabu tu. Mtindo huo una asili katika risala ya tahajia ya mwanzoni mwa karne ya 15, inayohusishwa na mhubiri Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415.

Sasa mpe Mcheki lugha zilizozaliwa na Kilatini. Kwa Kihispania, “hablo” ni nasema na “habló” ni alisema. Kijistari kile kile sasa kinaashiria shadda. Akifuata mazoea, Mcheki atatia shadda mwanzoni kisha airefushe o. Msikilizaji abaki akijiuliza: nani kasema, na lini? Katika neno la Kifaransa “été”, yaani msimu wa joto, kijistari huonyesha aina ya irabu, si urefu.

Isitoshe, sauti ghuna mwishoni mwa neno la Kicheki hugeuka sighuna: “led”, barafu, hutamkwa “let”. Akiuhamishia mtindo huo kwenye Kifaransa, “vide”, tupu, litasikika kama “vite”, haraka.

Huo si uvivu wala uzito wa ulimi. Ni kanuni za kwao zinazofanya kazi barabara, ila ugenini. Hapa Kenya, ambako mtu huchekwa kwa kubadilishana r na l, walimu tuna funzo hapo. Kicheko hakirekebishi matamshi. Mwonyeshe mwanafunzi kwanza chujio lake, ajue linazuia nini. Sikio likishatambua tofauti, ulimi nao utapata pa kuanzia.