Uvimbe Uliorudi: Kampala, Nairobi na Historia ya Usugu wa Saratani

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt, Mwairishi, aje amtazame mtoto aliyevimba taya juu na chini, kulia na kushoto. Wiki chache baadaye Burkitt akamwona mtoto mwingine wa namna hiyohiyo huko Jinja. Aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1958, na tangu hapo saratani hiyo ya limfu hubeba jina lake.

Sehemu inayosimuliwa zaidi ni ile ya kirusi. Burkitt alihutubia London mwaka 1961, mtafiti Anthony Epstein akamsikiliza, na vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester. Mzigo ulipofika London umechelewa, maji yake yalikuwa na uchafu, na wengi wangeyamwaga wakidhani yameingia bakteria. Epstein aliyaweka chini ya hadubini akaona seli za saratani zikielea, zikiwa hai. Seli hizo ziliweza kuoteshwa maabara, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake. Ni kisa kitamu, ila kimefunika kingine ambacho kwa maoni yangu kina uzito zaidi: kwa nini uvimbe uliokwisha kuyeyuka hurudi?

Uganda ya wakati huo haikuwa na mashine za mionzi, na kisu hakikufua dafu mbele ya uvimbe unaokua kwa kasi hiyo. Burkitt akageukia dawa: methotreksati, aliyoipata kwa msaada wa Joseph Burchenal wa New York, na baadaye siklofosfamidi. Matokeo yaliwashangaza hata waliozitengeneza. Kwa baadhi ya watoto, dozi moja au mbili zilitosha uvimbe kunywea mpaka uso ukarudi kama zamani. Wengine walipona moja kwa moja. Wengine walirudi wodini.

Hao waliorudi ndio waliowafundisha madaktari. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, chini ya John Ziegler. Kundi lake liliwafuatilia wagonjwa kwa subira, na mwaka 1972 likaeleza mpangilio wa ajabu. Uvimbe uliorudi mapema mara nyingi ulikuwa sugu, na mara nyingi ulijitokeza kwenye ubongo au uti wa mgongo, mahali ambapo dawa nyingi zinazopita kwenye damu hazifiki vizuri. Uliochelewa kurudi aghalabu uliitikia tena dawa zilezile za mwanzo. Mwaka huohuo Ziegler aliondoka, na Mganda Charles Olweny akashika uongozi wa kituo katika miaka migumu ya Idi Amin. Utafiti haukukoma.

Maelezo ya tofauti hiyo yalipatikana kupitia Nairobi. Katika Hospitali ya Kenyatta, daktari Peter Clifford alikuwa akituma vipande vya uvimbe kwa George Klein huko Stockholm. Philip Fialkow, Mmarekani, alitumia hila nyepesi. Kimeng'enya kiitwacho G6PD kina aina mbili zinazopatikana sana miongoni mwa Waafrika, A na B, na mwanamke aliyerithi zote mbili huwa na mchanganyiko wa seli, kila moja ikitumia aina moja tu. Ndani ya uvimbe wa mgonjwa wa namna hiyo seli zote zilikuwa za aina moja: ukoo mzima ulitokana na seli moja. Kwa baadhi ya wagonjwa waliorudiwa baada ya muda mrefu, aina ya kimeng'enya ilibadilika. Huo haukuwa uvimbe wa zamani uliosalimika. Ulikuwa mpya, wa ukoo mwingine, na ndiyo maana dawa ileile ya zamani ilikuwa ngeni kwa seli zake.

Jinsi seli za ukoo wa zamani zinavyoishinda dawa ilikuja kufahamika katika maabara za mbali. Mwaka 1976 Juliano na Ling, Toronto, walieleza protini ya utando wa seli inayohusika na usugu; baadaye ikabainika kuwa ni pampu inayotoa dawa nje. Mwaka 1978 maabara ya Robert Schimke, Stanford, ilionyesha kwamba seli za panya zilizozoeshwa methotreksati huzidisha nakala za jeni la kimeng'enya kinacholengwa, hata dawa ikazidiwa.

Kromosomu nazo zilikuwa na lao. Mwaka 1972 Manolov na Manolova waliona kipande cha ziada kwenye kromosomu ya 14 ya seli za uvimbe huu. Mwaka 1976 ikajulikana kwamba kipande kile kilitoka kwenye kromosomu ya 8, na mwaka 1982 jeni lililohamishwa likatambuliwa: MYC, lenye kuisukuma seli igawanyike bila kupumzika. Kasi hiyohiyo ndiyo inayoufanya uvimbe uwe mwepesi kwa dawa zinazopiga seli zinazogawanyika.

Koo za seli zilizooteshwa kutokana na vipande hivyo vya Afrika bado zimo maabara nyingi duniani, zikitumika kupima dawa mpya za kingamwili. Katika nchi tajiri, watoto wapatao tisa kati ya kumi wenye limfoma hii sasa hupona. Kusini mwa Sahara idadi iko chini sana, na usugu wa seli ni sehemu tu ya sababu: wengi hufika hospitali wamechelewa, dawa kali zinahitaji damu, antibiotiki na uangalizi usiopatikana kila mahali, na nauli ikiisha, matibabu hukatizwa katikati.