Ufundi Juu ya Lava: Vijana wa Goma na Kazi za Mikono

Goma, mashariki mwa Kongo, imejengwa juu ya lava, na lava ndiyo iliyoamua mengi kuhusu kazi wanazojifunza vijana wake. Ardhi ni jiwe jeusi lenye makali, ambalo jembe haliliwezi. Shimo la choo ni kazi ya siku nyingi za nyundo na mtaimbo. Ndiyo maana mitaa mingi ina nyumba za mbao zilizoezekwa bati: ni nyepesi, husimama haraka, na mwenyewe akihama huweza kuzibandua mbao akaenda nazo. Katika mji wa namna hiyo, mvunja mawe, mwashi na seremala ndio walimu wa kwanza wa kazi.

Mafunzo ya ufundi ya darasani yalikuja na wamisheni. Mwaka 1906 Dola Huru ya Kongo ilifanya mkataba na Vatikani: misheni zipewe ardhi, nazo zifungue shule ambamo watoto watafundishwa pia kilimo na kazi za mikono. Ubelgiji ilipoichukua koloni mwaka 1908 iliuendeleza mtindo huo. Wasalesiani wa Don Bosco, ambao baadaye wangejulikana sana Goma, walifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, wakaanza na shule ya ufundi. Masomo ya juu yalicheleweshwa mno. Siku ya uhuru, Juni 30, 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu nchini kote hawakufika 30. Si ajabu basi kwamba wazazi wengi waliiona randa kuwa fungu lililoachiwa mweusi, na kalamu kuwa alama ya mtawala. Dharau hiyo ya kazi za mikono haijaisha.

Serikali ya baada ya uhuru iliipa kalamu nguvu zaidi. Mtihani wa taifa unaofunga miaka sita ya sekondari, ambao kila mtu huuita Exetat, ulianzishwa mwaka 1967, na diploma yake ikawa mlango wa chuo na wa ofisi. Ufundi haukusahauliwa kabisa. Juni 29, 1964 ilikuwa imeundwa INPP, taasisi ya taifa ya kuwaandaa watu kwa kazi, ambayo ina tawi Goma. Sekondari zenyewe ziliweka michepuo ya umeme, umakanika, ujenzi na ushonaji, na mjini Goma Wasalesiani wanaendesha ITIG, shule ya sekondari ya ufundi wa viwandani. Lakini mwanafunzi wa mchepuo wa ufundi anahitaji mashine, chuma na mbao za kufanyia mazoezi, na hivyo vyote ni ghali kuliko chaki. Shule yenye ubao mweusi tu inaweza kufundisha ualimu au uhasibu. Haiwezi kufundisha kuchomelea.

Miaka ya 1990 iliyumbisha hata hiyo shule ya chaki. Mishahara ya walimu ilikatika, wazazi wakaanza kuwalipa wao wenyewe, na asiye na karo akarudishwa nyumbani. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda wanaokadiriwa kufikia milioni moja walivuka mpaka na kujaa Goma na viunga vyake. Vita vya 1996 na 1998 vikafuata. Elimu ya msingi ya serikali ilikuja kuwa bure mwaka 2019, lakini sekondari bado inalipiwa, yaani karo inamkamata kijana katika umri uleule anaotakiwa kuchagua kazi. Wakongo wana mzaha wa miaka mingi kuhusu hali hiyo: wanaitaja "Article 15", kifungu cha katiba ambacho eti kinamwambia raia ajitafutie mwenyewe.

Anayejitafutia huenda karakana, ambayo Goma wanaiita ateliye. Mjomba au jirani humpeleka kijana kwa fundi, wakakubaliana kwa mdomo. Miezi ya kwanza ni ya kufagia, kununua misumari na kushika ubao mwenzake akikata. Baadaye hupewa msumeno, kisha kipimo. Mafunzo hayana tarehe ya mwisho. Huisha siku kijana anapopata vifaa vyake na mteja wa kwanza anayemtafuta yeye na si bosi wake.

Kazi inayoonyesha njia hii vizuri kuliko zote ni kutengeneza chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali iliyoanza kuonekana Kivu ya Kaskazini miaka ya 1970. Mwili wake ni gogo la mti mgumu, mara nyingi mkaratusi, lililochongwa kwa shoka na panga. Magurudumu mawili hukatwa kwenye mbao nene, yakavishwa mpira wa tairi kuukuu uliopigiliwa misumari. Kati ya gurudumu na ekseli huwekwa beringi iliyotolewa kwenye gari bovu. Juu ya gogo hupigiliwa kipande cha mpira cha kuegemeza goti, maana mwendeshaji hupiga goti moja na kusukuma kwa mguu wa pili. Breki ni mpira mwingine unaokanyagwa ugande kwenye gurudumu la nyuma. Mwanafunzi hujua amekosea pale tu chombo kinapovuta upande mmoja kikiwa na magunia ya makaa au ya viazi, kikishuka kutoka Kibumba kuja mjini. Hapo hakuna mwalimu wa kumpa nusu ya alama.

Januari 17, 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Lava ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya barabara ya ndege na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Haikupita muda watu wakawa wanaivunja ile lava na kuijengea. Kizazi kizima cha vijana kilijifunzia uashi katika ujenzi huo, na kuta za mawe meusi zinazoonekana mjini leo ni kazi ya mikono yao pia.

Miaka hiyohiyo ya vita ilikuza aina ya tatu ya mafunzo, ya vituo vya misaada. Kinachojulikana zaidi ni Don Bosco Ngangi, upande wa kaskazini wa mji, kinachopokea yatima, watoto wa mitaani na waliotoka katika makundi ya silaha, na kuwafundisha useremala, uashi na ushonaji. Kituo hicho kimegeuka kambi zaidi ya mara moja. Novemba 2012, waasi wa M23 walipoingia Goma, maelfu ya waliokimbia vita walilala katika viwanja vyake, na hali hiyo ilirudi kwa ukubwa zaidi vita vilipoanza upya. Udhaifu wa mafunzo ya misaada ni mwingine: miezi sita ya darasa, kisha sanduku la vifaa, na kijana anaingia sokoni pamoja na wenzake wote waliofundishwa jambo lilelile. Mwenye cherehani na njaa huuza cherehani. Washonaji wanaodumu ni wale wenye wateja wa kila mwaka, na wateja hao huletwa na shule yenyewe: kila Septemba maelfu ya watoto wanahitaji shati jeupe na sketi au suruali ya bluu.

Umeme nao umeongeza kazi mpya. Mtambo wa umeme wa maji wa Matebe, karibu na Rutshuru, ulizinduliwa mwaka 2015, na kampuni ya Nuru ikawasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 mjini Goma mwaka 2020. Mchomeleaji aliyekuwa akinunua dizeli ya jenereta sasa anaweza kuchomeka waya ukutani, na vijana wakapata kazi ya kufunga mita na nyaya. Januari 2025 M23 iliuteka mji tena. Uwanja wa ndege na benki vikafungwa, fedha taslimu zikawa adimu, na fundi asiyelipwa hawezi kumlisha mwanafunzi.

Katika mzunguko mmoja wa barabara mjini kuna sanamu ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu, iliyozinduliwa mwaka 2009. Ni heshima ambayo mwenye diploma haipati kirahisi. Kwenye orodha ya michepuo ya sekondari za ufundi, hata hivyo, kutengeneza chukudu hakumo.